Muvi za kutisha mabandani usiku: zizuiwe, au kila mtu afunge mlango wake?

Baba Zuhura
Wakuu salaam. Niko Magomeni, hapahapa Mtwara mjini. Kuna banda la mpira jirani na kwangu, tangu mwezi jana kila Ijumaa mechi ikiisha wanaweka muvi za kutisha mpaka saa sita usiku. Kiingilio mia tano, mtoto mia mbili. Spika wameielekeza barabarani, kwa hiyo hata asiyelipa anasikia mayowe yote. Kijana wangu wa miaka tisa alichungulia siku moja tu kwenye tundu la turubai, na hii ni wiki ya pili haendi chooni peke yake. Choo chetu kiko nje, nyuma ya mpapai. Saa nane za usiku nasimama pale na tochi kama mlinzi wa benki, yeye yuko ndani anauliza, "Baba, upo?" Nikichelewa kujibu ni kilio.

Kikao cha mtaa Jumapili kimesema muvi hizo zipigwe marufuku mabandani, zote. Mimi naunga mkono. Ninyi mnasemaje?

Korosho Ghafi
Pole ya dogo, mkuu. Ila banda hilohilo saa kumi jioni linaweka muvi ya jamaa mmoja anaua watu mia mbili kwa bunduki isiyoisha risasi, na hakuna kikao kilichoitishwa. Akitokea bibi mmoja nywele zimemfunika uso, mtaa mzima unapigiwa mbiu.

Hizi kazi si za juzi. Wajerumani walitoa Nosferatu mwaka 1922, bila sauti, na mpaka leo kile kivuli chake kikipanda ngazi mwili unasisimka. Walichukua hadithi ya Dracula bila kuomba, wakabadilisha majina. Mjane wa mwandishi akawapeleka mahakamani, 1925 ikaamriwa nakala zote ziharibiwe. Zikaponea chache, na hizo ndizo tunazoangalia. Mahakama ya Ujerumani imeshindwa kuizima muvi, kamati ya mtaa itaweza?

Mama Mkubwa Chuno
Mimi nina swali dogo. Usiku huo mtoto wa miaka tisa anachungulia turubai, baba yake alikuwa wapi?

Baba Zuhura
Mama, kwa heshima zote, nilikuwa zamu. Si kila baba asiyekuwepo nyumbani yuko kijiweni.

Mama Mkubwa Chuno
Nimeuliza tu mwanangu. Kijiwe umekitaja wewe.

Fundi Redio Masasi
Mnapigana bure. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976. Filamu ya kuoneshwa hadharani inatakiwa iwe imepitiwa na Bodi ya Filamu na kupewa daraja la umri, na sehemu ya kuoneshea nayo ina taratibu zake za kibali. Kwa hiyo swali si kupiga marufuku. Muulizeni mwenye banda maswali mawili: una kibali? Na hiyo muvi ni ya umri gani? Akikosa jibu la kwanza, la pili halina haja.

Dogo wa Shangani
Fundi umeleta vifungu kwenye genge la wapenda mizimu 😂

Kwanza sisi Kusini nani wa kututisha? Nani hapa hakukimbia lipiko, yule wa kinyago ngomani, utotoni? Mimi nilikuwa kwa bibi Newala, ngoma ikaanza kulia, nikaingia uvunguni asubuhi nikatoka magharibi nimejaa utando wa buibui. Hakuna muvi ya mzungu iliyowahi kunifikisha hapo. Halafu ukikua unagundua kumbe ni ntu tu, tena jirani, kavaa kichwa cha mti kilichobandikwa nywele.

Mzee wa Kitangari
Futa hayo maneno.

Dogo wa Shangani
Yapi mzee wangu?

Mzee wa Kitangari
Unayajua. Wewe ulipita jandoni? Kama hukupita, unasema usilolijua. Kama ulipita, siku ya kutoka uliambiwa nini? Hapa wanasoma watoto na akina mama.

Mama Mkubwa Chuno
Akina mama mtuache mzee. Zile nguo anazojifunga huyo lipiko usiku wa ngoma, kesho yake nani huwa anazifua? Tulikuwa tunakimbia na kupiga kelele kwa adabu tu.

Korosho Ghafi
😂😂 Kwa adabu tu! Mama umeua.

Mzee, na vinyago vyenyewe viko kwenye makumbusho Ulaya, ndani ya kioo, taa imewashwa juu yake. Yeyote mwenye tiketi anavizunguka mpaka aone tundu la kuingizia kichwa. Siri gani hiyo?

Mzee wa Kitangari
Aliyeibiwa kuku hakuwaalika wageni. Kuwekwa kwenye kioo hakukuwa ruhusa yangu. Huyu kijana wa kwetu ndiye niliyekuwa namwambia, si Mjerumani.

Dogo wa Shangani
Mzee, mimi sikutaja jina la mtu, sikutaja mahali. Kusema ndani ya lipiko kuna mtu ni kosa gani? Ndani ya basi pia kuna mtu.

Mzee wa Kitangari
Mama yako mzazi yuko hai? Kamsomee hayo uliyoandika, kwa sauti. Halafu kamsomee mjomba wako.

Dogo wa Shangani
Mjomba tena ameingiaje.

Mzee wa Kitangari
Huyu hakupita. Nimeshajua.

Dogo wa Shangani
Nimepita! Na kovu ninalo, nipige picha nikutumie?

Mama Mkubwa Chuno
Tafadhali usitume.

Baba Zuhura
Jamani, mada ni banda. Mwanangu haendi chooni.

Mmwera Halisi
Nawasoma kutoka Lindi na kicheko. Wamakonde bwana, mkiitwa kwenye muvi mnaleta jando, mkiitwa kwenye jando mtaleta korosho. Nataka kusema kitu cha maana kidogo. Kwa nini tunabishana kuhusu majini ya Marekani wakati ya kwetu hayajapigwa picha? Dar es Salaam walijaribu zamani, Mussa Banzi katoa Nsyuka, katoa Shumileta, watu wakazitazama mpaka mikanda ikachakaa. Kusini tuna ndondocha, wale wafu wanaotembea, tuna mumiani. Tuna simba-mtu! Fikiria: jamaa kalala kwenye dungu shambani, mbalamwezi, majani yanachezacheza, mkewe anakuja na uji, kumbe mkewe ana mkia. Mimi ningelipa elfu tano siyo mia tano.

Korosho Ghafi
Hiyo ningeandika mimi hata kesho. Simba-mtu ni hazina tumeikalia.

Binti wa Mchinga
Kaka Mmwera, hujambo. Mimi ni wa Lindi pia.

Baba yangu mdogo alichukuliwa na simba kwenye dungu. Ilikuwa masika, mahindi yamekomaa, alikuwa analinda nguruwe wasiyamalize. Asubuhi mama mdogo alipompelekea uji (uji wa kweli, si wa muvi) alikuta redio bado inaongea. Taarifa ya habari. Na katambuga moja. Damu ilikuwa kidogo kuliko mtu unavyodhani.

Halafu ndiyo ikaanza hiyo hazina yenu. Wazee wakasema huyu si simba wa porini, ni wa kutumwa, kwa hiyo hafuatiliwi kwa bunduki, anatafutwa aliyemtuma. Siku tatu wanamtafuta mchawi. Wakampata bibi mmoja mjane macho mekundu, macho yenyewe ni mekundu kwa moshi wa kuni. Siku ya nne simba akachukua mtu kijiji cha pili. Bibi alikuwa amefungiwa ndani wakati huo na walinzi mlangoni. Hakuna aliyekuja kumwomba radhi.

Mkiandika hiyo muvi na redio muiweke.

Mmwera Halisi
Dada, pole sana. Sikukusudia. Ulimi hauna mfupa.

Korosho Ghafi
Pole dada. Ila naomba kuelewa, simba kweli walikuwa wengi kiasi hicho huko, au ni tukio moja moja? Nilisikia watu elfu mbili waliliwa. Mnisahihishe.

Fundi Redio Masasi
Elfu mbili si kweli. Watafiti waliandika mwaka 2005 kwamba tangu 1990 simba waliua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi zaidi ya 300, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Tena wakaeleza sababu, na ni hiyohiyo ya dada: wanyama wa kuliwa wamepungua, nguruwe pori wamejaa mashambani, simba anafuata nguruwe, mkulima kalala kwenye kidungu kumlinda nguruwe huyohuyo. Matukio yanapanda Machi mpaka Mei, wakati wa mavuno. Yule wa Rufiji waliyembandika jina la Osama, alipouawa 2004, alikutwa na jipu kubwa kwenye jino. Mnyama mgonjwa. Hakutumwa na mtu.

Mmwera Halisi
Lakini fundi, wenzetu Kenya wale simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli watu 135, mbona Hollywood ikatengeneza muvi na Kenya ikapata jina? Nasema kwa heshima ya dada.

Fundi Redio Masasi
135 ni hesabu ya Patterson mwenyewe, yule mhandisi mzungu wa reli, aliyewaua simba hao 1898 na kuuza ngozi zao Chicago. Watafiti walipima mifupa na manyoya yaliyoko makumbusho kule, 2009 wakaja na kama 35.

Korosho Ghafi
Kwa hiyo mzungu aliongeza mia nzima! Huyo ndiye mwandishi wa muvi za kutisha wa kwanza Afrika Mashariki 😂

Mmwera Halisi
35 ni wachache kwani?

Korosho Ghafi
Nani kasema wachache? Nimesema aliongeza.

Mmwera Halisi
Umecheka.

Korosho Ghafi
Nimemcheka Patterson! Wewe mwenye mke mwenye mkia ndiye wa kunifundisha adabu?

Binti wa Mchinga
Mnagombania simba wa Kenya.

Mpita Njia Mangaka
Nachangia kutoka mpakani huku. Mumiani mnamtaja kama mchezo. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi ulivuma uvumi wa watu wanaonyonya damu usiku. Makundi ya watu yakaua wasio na hatia, mpaka Umoja wa Mataifa ukaondoa watumishi wake kwenye baadhi ya maeneo. Babu zetu waliambiwa zima moto ndio mumiani, gari jekundu likipita watoto wanaingia porini. Woga ukiachwa utembee unaua. Ndiyo maana mimi niko upande wa kikao.

Dogo wa Shangani
Lakini hayo ya Malawi hayakuanzia kwenye muvi mkuu. Yalianzia mdomoni. Mtu akitoka kwenye muvi anajua imeisha, taa imewashwa, anadai chenji yake. Uvumi hauna mahali pa kuwasha taa.

Mpita Njia Mangaka
Mwambie hivyo mtoto wa Baba Zuhura.

Baba Zuhura
Ahsante. Angalau mmoja kakumbuka nina mtoto.

Mama Mkubwa Chuno
Mwanangu, huyo mtoto mpe ndoo ya usiku chumbani, mambo yameisha. Sisi tulilelewa na ndoo. Chooni nje saa nane hata mimi siendi, na sijaangalia muvi yoyote.

Spika Kubwa
Mimi ndiye mwenye banda. Nimewasoma tangu juzi nimenyamaza.

Spika nimeigeuza ndani. Turubai nimeshona, lilitobolewa na watoto hao hao wa kuchungulia, Baba Zuhura unaweza kuchangia uzi. Kiingilio cha mtoto Ijumaa nimekifuta, chini ya miaka kumi na minane hapiti, nimemweka mlangoni binamu yangu anayefundisha sekondari, anawajua wote kwa majina. Kibali cha banda ninacho, fundi njoo ukione.

Ijumaa hii naweka ile ya Romero ya 1968, Night of the Living Dead. Wasambazaji walipobadilisha jina wakasahau kuweka maneno ya hakimiliki, ikawa ya umma, kwa hiyo sidaiwi na mtu. Daraja lake la umri nafuatilia. Ni mandondocha matupu, nyeusi na nyeupe, nyumba moja, usiku mmoja. Tutatafsiri wenyewe palepale kwa maiki, staili ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi.

Korosho Ghafi
Hiyo ni mama yao wote! Na shujaa ni mtu mweusi, 1968 Marekani, fikiria. Halafu mwishoni ile anapo

Mmwera Halisi
USISEME MWISHO

Dogo wa Shangani
Atasema huyu. Nawajua watu wa korosho.

Mmwera Halisi
Nimepanda basi kutoka Lindi kwa ajili ya hiyo, ole wake.

Mama Mkubwa Chuno
Spika, na akina mama viti vya mbele vipo, au tukae kwenye mabenchi ya mpira?

Spika Kubwa
Nitatoa viti vya plastiki sita mama. Leteni kanga, kuna mbu.

Fundi Redio Masasi
Hilo daraja la umri likipatikana nijulishe.

Baba Zuhura
Na kikao cha Jumapili nikawaambie nini?

Spika Kubwa
Waambie waje Ijumaa.

Mzee wa Kitangari
Yale maneno ya kijana bado yapo pale juu. Nimeyatazama asubuhi, nimeyatazama sasa hivi.

Dogo wa Shangani
Mzee shikamoo. Kitufe cha kufuta hakionekani kwenye simu yangu.

Mzee wa Kitangari
Marahaba. Tafuta.