Miwani mpya inaniumiza kichwa, na ya kazi inashika ukungu. Nisaidieni

Fundi_Geti (Mbale, Uganda)
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Natengeneza mageti na madirisha ya chuma hapa Mbale, mwaka wa kumi na moja huu. Vitu vya mbali sivioni bila miwani. Cheti cha vipimo kinasema −4.25 jicho la kulia, −4.25 la kushoto, hakuna kingine. Mwezi jana miwani ya zamani ilivunjika, nikaagiza nyingine kwenye duka moja la mjini. Kijana akasoma cheti, akaniuliza nataka fremu ipi, akaniambia nirudi keshokutwa.

Kuona naona, hata namba ya boda iliyo mbali naisoma. Lakini ikifika saa nne asubuhi kichwa kinagonga hapa kati ya nyusi, macho kama yanavutwa. Dukani wanasema nitazoea. Wiki ya tatu hii.

La pili: nikivaa miwani ya plastiki ya kazi juu ya hii, dakika tano tu ukungu umejaa, naivua. Juzi cheche ya grinda imenichoma juu ya nyusi. Nikitia lenzi zangu kwenye fremu yenye vikinga vya pembeni, nitakuwa salama?

Kona_ya_Lenzi
Marahaba. Hujataja rula popote. Kuna mtu aliyekuwekea rula machoni kabla lenzi hazijakatwa?

Fundi_Geti
Hakuna. Ilikuwa cheti na fremu tu.

Kona_ya_Lenzi
Basi anzia hapo. Kila lenzi ina kitovu chake, na kitovu kinatakiwa kikae mbele ya mboni. Umbali kati ya mboni mbili ndio sisi tunauita PD. Watu wazima wengi wako kati ya milimita 54 na 74. Asiyepima huacha kitovu katikati ya tundu la fremu, na fremu za siku hizi ni pana.

Jipimie leo. Mtu akae mbele yako, uso kwa uso, kama sentimita 40, aweke rula juu ya pua yako. Afumbe jicho lake la kulia, wewe tazama lile la kushoto lililo wazi. Aweke sifuri kwenye jicho lako la kulia. Kisha abadilishe: afumbe la kushoto, wewe tazama lake la kulia, asome rula kwenye jicho lako la kushoto. Rula isicheze. Macho yetu ni meusi, mboni haionekani vizuri, kwa hiyo apime pale cheusi kinapokutana na cheupe: ukingo wa nje wa jicho la kulia hadi ukingo wa ndani wa la kushoto. Jibu ni lilelile.

Halafu ishike miwani mbele yako, mkono umenyooka, utazame ubao wa mlango kupitia lenzi moja. Mstari wa mlango utaonekana umekatika. Sogeza miwani hadi mstari ulio ndani ya lenzi uungane na ulio nje, weka alama ya kalamu ya wino. Rudia lenzi ya pili, kisha pima kati ya alama.

Fundi_Geti
Binti yangu amenipima mara tatu: 62, 62, 61. Alama za miwani ziko 70!

Kona_ya_Lenzi
Nilijua. Tofauti ni milimita 8, yaani sentimita 0.8. Zidisha kwa 4.25 unapata 3.4. Hiyo ndiyo prizimu (kipimo cha jinsi lenzi inavyopindisha mwanga kwenda pembeni) unayoibeba kutwa nzima, inalazimisha macho yafunguke kwenda nje. Mwenye −0.50 angekosewa hivyo asingehisi kitu. Kwa namba yako hutazoea. Warudishie, kosa si lako.

Mzee_wa_Bombo
Pole sana, mwanangu. Nimechomelea miaka 30, jicho la kushoto nusu limekwenda kwa sababu ya kipande cha diski. Nisikilize kwenye hilo la pili.

Lenzi ya kioo usiikubali hata wakikwambia haichubuki. Plastiki ya kawaida nayo si ya grinda. Omba polikaboneti, plastiki ngumu isiyopasuka kirahisi, na pale inapokuwa nyembamba (kwenye lenzi ya minus kama yako ni katikati) isipungue milimita 2. Lakini polikaboneti ndani ya fremu ya urembo ni kazi bure, kwa sababu ikipigwa lenzi nzima inasukumwa ndani ya jicho. Fremu yenyewe iwe ya usalama. Ya Kimarekani inayotiwa lenzi za cheti huandikwa Z87-2. Za Ulaya utaona EN 166 na herufi. F maana yake ilipigwa gololi ya chuma ya milimita 6 kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde, haikupasuka. Tafuta alama kwenye fremu na kwenye lenzi pia. Sokoni kuna zenye karatasi ya kubandika tu.

Na usije ukachomelea umeme na hiyo peke yake! Ni ya grinda. Kwa umeme weka barakoa yenye kioo cheusi namba 10 au zaidi juu yake, la sivyo usiku utalala na mchanga machoni.

Dada_Malaba
Kama una bosi, sheria ya usalama kazini ya 2006 inamtaka akupe vifaa vya kujikinga bila kukudai shilingi.

Fundi_Geti
Bosi ni mimi, dada 😂

Kona_ya_Lenzi
Ukichagua hiyo fremu ya kazi, PD ipimwe na kuandikwa kwenye oda upya. Fremu yake ina mkunjo, kosa dogo linasikika haraka. Kama duka lako halina polikaboneti, Tororo si mbali, waulize hospitali ya macho ya Benedictine.

Fundi_Geti
Nimetoka dukani. Kijana kaziweka kwenye mashine, kanyamaza, kaenda kumwita mwenye duka. Wananikatia upya bila malipo, Ijumaa. Nimewaachia karatasi ya binti yangu, nao wakapima wenyewe wakapata 62. Ya grinda nakwenda Tororo Jumatatu. Mpaka hapo kazi ya diski anafanya mwanafunzi wangu, na nimempa ile yenye ukungu. Yeye havai miwani ya cheti, haimsumbui.

Mzee_wa_Bombo
Mnunulie na yeye mpya.