Wakuu, wagonjwa wa kuingia kwenye utafiti wa dawa za moyo tunawapata wapi?

Nesi_wa_Zamu
Habari za jioni wakuu. Mie ni nesi, nipo kwenye timu inayotafuta wagonjwa wa moyo waingie kwenye utafiti wa dawa, hospitali siitaji na dawa yenyewe siitaji. Kiukweli tumekwama. Kliniki inajaa kila wiki, mabenchi hayatoshi, watu wamevimba miguu wanahema, ukiangalia unasema hapa wagonjwa wapo wa kumwaga, ila ukianza kuchambua faili moja moja unabaki unajikuna kichwa. Huyu figo haziko sawa, yule mjamzito, mwingine eko yake, kile kipimo cha picha ya moyo, ni ya mwaka juzi na hela ya kurudia hana, na huyu aliyekidhi kila kitu akisikia tu neno utafiti anasema ngoja nikaongee na baba watoto, ndo imetoka hiyo. Miezi minne tumepata 11, tulitakiwa tuwe tumeshavuka 50. Bosi anasema watu hawana uelewa tuongeze elimu kwa jamii. Ijumaa kuna kikao na mimi ndo naulizwa. Waliowahi kuingia au waliokataa nipeni ukweli, msinionee aibu.

Chuma_cha_Reli
Dada hizo damu mnazotoa mnazipeleka wapi kwanza? Bibi yangu alikuwa anatutisha na mumiani, anasema wanakuja usiku na gari lao, sasa na nyie mna makoti meupe na landikruza 😂😂 Natania, ila nusu tu. Mtu ameshaambiwa damu yake ndogo halafu unamjazia vichupa vitano mbele ya macho yake, lazima awaze.

Mtoto_wa_Mwisho
Mimi ntakwambia ya mama yangu. Moyo umetanuka, yuko kliniki mwaka wa tatu. Siku hiyo katoka nyumbani saa kumi alfajiri, hajala maana hajui kama atapimwa sukari, kaja kuonana na daktari saa saba mchana, anataka kuwahi gari ndo anaitwa chumba cha pili na kijana mmoja mpole tu wala hana neno baya, anapewa fomu ya ridhaa kurasa kumi na kitu. Mama kusoma anajua, ila kufika pale palipoandikwa kompyuta ndo itakayokuchagulia kundi akauliza kwa hiyo afya yangu mnaichezesha bahati nasibu? Kijana akaanza kueleza lakini mama ameshatia fomu kwenye mkoba, akaaga. Wakapiga simu mara moja, akapokea mtoto wa dada yangu wa miaka tisa, basi, ikaishia hapo. Sasa dawa za mama tunanunua sisi watoto, anayeamua ni kaka mkubwa, hakuna aliyemuuliza kaka. Halafu mnasema hana uelewa.

Presha_Imeshuka
Mi niliingia, si hapo kwenu, ilikuwa ya presha. Sijutii hata kidogo, sijawahi kupimwa vizuri vile maishani, daktari ananijua kwa jina. Shida mbili. Nauli walirudisha lakini siku nzima ya kibanda kufungwa hakuna aliyehesabu, na mahudhurio ni mengi. Ya pili ilipoisha ikaisha kweli, nikarudi foleni ya kawaida na vidonge vya kawaida, na kile nilichokuwa namezeshwa mpaka leo sikijui jina. Jirani yangu akiniuliza aingie nitamwambia aingie, ila aulize kabla, ikiisha inakuwaje.

Stetoskopu_Kuukuu
Nesi, huyo bosi wako naomba umwambie habari ya Gulu, kaskazini ya Uganda hapo jirani. Watafiti walikuwa wanataka kujua kama mtoto ambaye valvu, yaani vile vilango vya ndani ya moyo, zimeanza kuharibika kwa homa ya baridi yabisi lakini bado hana dalili yoyote, ukimchoma penisilini kila wiki nne utauzuia ugonjwa usiendelee. Sasa mtoto asiye na dalili atakuja kliniki kufanya nini? Kwa hiyo hawakukaa kumsubiri, waliwafuata wenyewe na mashine za eko. Walipima watoto 102,200. Waliotiliwa shaka 3,327, baada ya kurudia vipimo waliofaa wakabaki 926. Na hapa ndo nataka usome taratibu: kati ya hao 926, waliopatikana ridhaa ni 916. Kumi tu ndo hawakuingia! Na hii ni sindano ya penisilini, wote tunajua inavyouma, kila mwezi miaka miwili. Kwenye hesabu ya mwisho walikuwa 818, waliomaliza 799. Majibu yalitoka 2021, waliochomwa ugonjwa uliendelea kwa watoto 3, wasiochomwa 33.

Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuwapata, kukubali walikubali.

@Chuma_cha_Reli wewe cheka tu, lakini zile dawa mpya za kuzuia damu kuganda, tafiti zake kubwa za mwanzo ziliwaacha nje watu ambao valvu imebana sana, ambao ndo wamejaa huku kwetu. Ikabidi ufanyike mwingine, INVICTUS, nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wagonjwa zaidi ya 4,500, rivaroksabani ambayo ndo mpya, dhidi ya wafarini na dawa za jamii yake za zamani. Wengi tulidhani mpya itakuwa sawa tu na haina usumbufu wa kupima damu kila mara. Ilipotoka 2022, waliokufa upande wa rivaroksabani 552, upande wa zile za zamani 442. Wale watu wasingekubali kuingia tungekuwa tunawaandikia wagonjwa dawa mpya ya bei kubwa huku tunawapunguzia siku, na kwa moyo safi kabisa.

Chuma_cha_Reli
Duh. Hiyo ya 552 sikuijua. Haya vichupa vitano twende, ila nipeni na soda.

Nesi_wa_Zamu
Nimetoka kufungua daftari langu sasa hivi, nimehesabu mara mbili. Faili 140 tulizopitia, waliokataa kwa mdomo wao ni 9. Tisa! Walioachwa kwa sababu eko ni ya zamani au haipo kabisa ni 61. Yaani tulikuwa tunalia na watu kumbe ni mashine. Ijumaa naomba hela ya eko, ya elimu wakae nayo, na naomba tuwe tunaongea na mgonjwa asubuhi akiwa kwenye benchi na nduguye, siyo saa saba. @Presha_Imeshuka swali lako la ikiisha inakuwaje nalipeleka kama lilivyo, maana hata mie sina jibu.

@Mtoto_wa_Mwisho samahani kwa yaliyompata mama. Ile fomu bado anayo? Nataka nione walivyoandika hapo kwenye kompyuta.

Mtoto_wa_Mwisho
Ipo, ila kurasa mbili za mwisho kafungia vitumbua juzi. Nikupe namba ya kaka?