Muuzaji anasema bati zilibadilishwa 2019, nitahakikishaje?

Mwambao_T: Wakuu, kuna nyumba naitaka Tanga, kama mita 600 kutoka baharini. Ilijengwa 2004. Muuzaji anadai bati zote zilibadilishwa 2019, ila risiti hana. Ni bati za migongo midogo, juu zimepigwa rangi nyekundu kwa brashi. Umri wa paa unajulikanaje kabla sijatoa hela?

FundiKenchi: Hiyo rangi isikushughulishe, kopo mbili tatu zinafanya bati kuukuu ionekane mpya. Panda darini na tochi, utazame bati kwa chini. Viwanda vingi hupiga muhuri wa wino: jina, geji (unene wa bati), na uzito wa mipako, mfano AZ150, yaani gramu 150 za aluminiamu na zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. Vingine huweka na tarehe. Tarehe hiyo ni ya kiwandani, sio ya kuezeka, lakini paa haliwezi kuwa la zamani kuliko muhuri wake.

Halafu mulika papi, zile mbao zinazopigiliwa bati. Bati zikibadilishwa, migongo mipya haiangukii pale pale, kwa hiyo misumari ya zamani huacha matundu matupu. Tundu la zamani lina duara jeusi la kutu kwenye mbao, na mara nyingi liko sentimita mbili tatu tu kutoka msumari wa sasa. Ukikuta papi kuukuu zisizo na tundu tupu hata moja, hapo bati hazijawahi kung'olewa.

ramani_na_rula: Bila hata kupanda: fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, bonyeza alama ya saa, urudi nyuma kwenye picha za zamani. Bati mpya inang'aa karibu nyeupe, ikichoka inageuka kijivu, kisha kahawia ya madoa. Picha ya mwisho yenye madoa na ya kwanza inayong'aa ndizo zinakupa mipaka. Angalizo: paa likipakwa rangi nalo hubadilika kwenye picha. Kwa hiyo wekundu peke yake sio ushahidi.

Bi_Geji28: Naongezea, maana wengi hukosea hapa: msihesabu miaka kwa kutu. Bati ya Dodoma na ya Raskazone, hapo Tanga ufukweni, hazizeeki pamoja, chumvi inakula zinki. Hata paa changa huota kutu kwenye kingo zilizokatwa kwa grainda, kwa sababu cheche huunguza mipako. Kagua kwenye mapishano, pale bati zinapolaliana, na chini ya kofia, bati la kufunika kileleni, maji ya chumvi hukaa humo. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Ikipenya, bati imeisha hata kama ni ya juzi. Kama kuna skrubu, pindua mpira wake: mzima hurudi, uliozeeka hupasuka.

Mwambao_T: Nimepanda leo. Sebuleni na vyumbani muhuri unasomeka G30 AZ150, tarehe hakuna, matundu matupu yapo mengi. Jikoni sioni muhuri wala tundu tupu, na papi ni nyeusi.

FundiKenchi: Weusi unaweza kuwa moshi tu. Futa bati kwa kitambaa cha maji ya sabuni, muhuri huwa chini ya masizi. Kwangua na papi kidogo, usije ukakosa tundu lililozibwa na masizi.

Mwambao_T: Nimefuta na kukwangua. Muhuri hakuna, tundu hakuna, na bisibisi imepenya kwenye mapishano mawili.

FundiKenchi: Basi za mbele zilibadilishwa kweli, mwaka thibitisha kwa zile picha. Za jikoni ni za 2004, "zote" sio kweli. Mpe muuzaji hesabu ya jikoni: bati, kofia, misumari na ufundi. Ukihesabu bati tumia upana unaofunika, sio upana mzima, maana pishano linakula mgongo mmoja na nusu kila bati. Na papi mbili tatu zitang'oka na misumari, ziweke kwenye hesabu.