Lenzi bandia za mtoto wa jicho: monofokali, EDOF, trifokali au toriki?

Konea_44
Wakuu, tulinganishe lenzi zinazowekwa ndani ya jicho mtoto wa jicho akishaondolewa, kwa kile mgonjwa anachokiona, bei tuiweke kando. Mfano: fundi cherehani wa miaka 62, mtoto wa jicho macho yote mawili, retina nzima. Monofokali (lenzi ya umbali mmoja tu) ikipangiwa mbali, barabara na nyuso za watu ataziona vizuri, ila kutunga uzi kutadai miwani ya kusomea, kama dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) +2.50. Trifokali (ya umbali tatu) inagawa mwanga kwa mbali, kwa sentimita 60 hadi 80, na kwa sentimita 40 hivi. Kwa kuachana na miwani, hiyo inaongoza.

Tundu_Dogo
Inaongoza mchana. Usiku taa za magari zinazungukwa na duara za mwanga, na vitu vya rangi hafifu havijitokezi vizuri, kwa sababu kila umbali unapata sehemu tu ya mwanga. Dereva wa usiku simshauri. Mwenye glakoma, ugonjwa wa makula (kitovu cha retina) au kisukari kilichofika retina, hapana kabisa. EDOF (lenzi inayorefusha eneo la kuona vizuri bila kuligawa mara tatu) ina duara chache: mbali safi, kompyuta safi, maandishi madogo bado yanataka +1.00 au +1.50.

Bi_Dayopta
Monovisheni (jicho moja la mbali, jingine la karibu) mmeiruka! Monofokali mbili za kawaida: jicho linalotawala linalengwa sifuri, la pili -1.25 hadi -1.50. Gharama haiongezeki. Hasara ni kupima kina cha kitu kilicho karibu, na fundi wa sindano atailalamikia hiyo. Huyu ningempa monofokali na miwani ya kusomea.

Kipimo_Kwanza
Mnabishania lenzi wakati biometri (kupima jicho ili kuchagua nguvu ya lenzi) haijatajwa. Ukikosea urefu wa jicho kwa milimita 1, nguvu ya lenzi inapotea kwa dayopta 2.5 hadi 3. Kosa la kawaida ni kukandamiza konea (kioo cha mbele cha jicho) kwa proba ya A-skani, kipimo cha mawimbi ya sauti: jicho linasomeka fupi, lenzi inachaguliwa yenye nguvu kupita kiasi, mgonjwa anatoka haoni mbali. Rudieni kipimo na mtupe visomo vinavyopishana. Mashine ya mwanga haigusi jicho, lakini mtoto wa jicho aliyekomaa haimpenyi, kwa hiyo A-skani haiepukiki.

Toriki nayo, lenzi ya kurekebisha astigmatizimu (mkunjo usio sawa wa konea): kila digrii 1 inapozunguka, inapoteza takriban asilimia 3.3 ya marekebisho hayo. Ikifika digrii 30 hakuna kilichobaki. Mhimili uwekewe alama mgonjwa akiwa AMEKAA, maana akilala jicho huzunguka kidogo. Na jeli ya upasuaji isafishwe yote, hasa nyuma ya lenzi, la sivyo lenzi inateleza.

Konea_44
Na PMMA (lenzi ya plastiki ngumu) dhidi ya lenzi za kukunjwa?

Tundu_Dogo
PMMA haikunjiki, inataka tundu la milimita 6 hivi. Ya kukunjwa inapita kwenye milimita 2.2 hadi 2.8, hivyo astigmatizimu ya upasuaji ni ndogo. Lakini handaki la sklera (njia ya kupitishia lenzi kwenye weupe wa jicho) likijengwa vizuri, PMMA inatoa uoni mzuri sana. Tofauti nyingine ni ukingo: akriliki (ya kukunjwa) yenye ukingo wa mraba huchelewesha ukungu wa kifuko cha nyuma, utando unaoishika lenzi.

Kifuko hicho kikipasuka wakati wa upasuaji, ile ya akriliki ya kipande kimoja msiiweke kwenye salkasi (mfereji ulio nyuma ya airisi), itasugua airisi na kupandisha presha ya jicho. Wekeni ya vipande vitatu, mkipunguza nguvu dayopta 0.5 hadi 1.

Bi_Dayopta
Niongeze kuhusu ukungu. Mwenye trifokali akilalamika mapema, msikimbilie leza ya YAG, inayotoboa kifuko chenye ukungu. Angalieni kwanza ukavu wa jicho, astigmatizimu iliyobaki, makula, na kama lenzi imekaa katikati. Kifuko kikishatobolewa, kubadilisha lenzi kunakuwa kugumu na kwa hatari zaidi.