Wikendi ndefu Roysambu, na yeye hajibu: naombeni ushauri

Mpangaji Orofa ya Nne
Habari zenu wakuu. Nilimaliza chuo mwaka jana, kazi ninayo, naishi peke yangu kwenye bedsita, nyumba ya chumba kimoja, Roysambu, Nairobi. Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi sizungumzi na mtu ila mwenye duka. Na kuna niliyesoma naye, moyo umemng'ang'ania. Nikimwandikia, jibu ni "sawa" baada ya siku mbili. Akitaka kurekebishiwa barua ya kuomba kazi, anajibu papo hapo. Nimwambie au ningoje? Na wikendi nizifanyeje?

Mama Chama
Hayo ni mambo mawili, usiyafunge furushi moja. La moyo ndilo jepesi, ijapokuwa halionekani hivyo. Mwambie mara moja tu, ukitaja siku, saa na mahali: "Ningependa tutoke sisi wawili, Jumamosi saa nane mchana, Arboretum. Si kirafiki tu." Usiandike aya tano, maana zitamlazimisha akubembeleze badala ya kukujibu. "Nitaona", "nimebanwa" bila kutaja siku nyingine, kimya cha siku tatu: zote hizo ni hapana.

Subira2
Asiseme kitu. Mapenzi hukomaa polepole.

Mama Chama
Maembe hukomaa. Huyu anarekebisha barua za kazi.

Tiki za Buluu
Akikataa, si lazima umfungie. Kwenye WhatsApp, bonyeza stetasi yake kwa muda, chagua kunyamazisha. Kisha hamishia gumzo lenu kwenye kumbukumbu (Archive). Litabaki huko hata akiandika tena, mradi hujabadilisha mpangilio. Kinachokutesa si kimya chake, ni majibu ya kubahatisha. Jibu linalokuja mara mojamoja humzoesha mtu kuchungulia simu kuliko linalokuja kila siku. Mashine za kamari hufanya kazi hivyohivyo. Kuhusu barua, "siku hizi sina nafasi" inatosha.

Sauti ya Tatu
Tuje kwa wikendi. Chuoni hukutafuta marafiki. Mlikutana kwenye foleni ya mesi na ngazi za hosteli bila miadi, tena na tena. Hicho ndicho kilichokatika. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja mtu kuwa rafiki wa kawaida, 90 kuwa rafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa wa karibu. Piga hesabu: mazoezi ya kwaya mara mbili kwa wiki, saa mbilimbili, yanatimiza saa 50 wiki ya kumi na tatu. Wengi huenda mara tatu, wakaona hawajazoeana na yeyote, wakaacha.

Kupanda Ngong Hills mara moja kwa mwezi ni kuzuri kwa mapafu, si kwa urafiki: kila safari ina watu wapya. Chagua kwaya, timu ya mtaa au darasa la lugha unalofikia kwa miguu, kwa sababu mvua ikinyesha, foleni ya Thika Road itakushinda kabla ya mwezi kuisha. Fika dakika kumi mapema, ubaki kupanga viti. Watu huzungumza wakati huo, si wakati wa kuimba.

Mpangaji Orofa ya Nne
Na siku zisizo na mazoezi?

Mama Chama
Jumamosi asubuhi kaanike nguo juu ya paa wakati majirani wanaanika, si usiku. Chapati madondo kula kibanda kilekile, saa ileile. Jumapili alasiri ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo toka kabla ya saa nane, ukishalala hutoki tena.

Sauti ya Tatu
Nyongeza: usingizi ukipotea na hamu ya kila kitu ikiisha, karibu kila siku kwa wiki mbili, huo si upweke tu. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Mpangaji Orofa ya Nne
Nimemtumia. Jumamosi, saa nane, Arboretum. Tiki ni mbili, za kijivu.

Mama Chama
Acha simu ndani, panda juu ukaanue nguo.