Kutoka sayansi ya kompyuta kwenda utafiti wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta: nitapoteza nini?

Nuru_Msimbo

Wakuu, salaam.

Namalizia shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta. Hadi sasa nimekuwa mtu wa algoriti na mifumo ya uendeshaji, lakini somo moja la mwingiliano wa binadamu na kompyuta, yaani jinsi watu wanavyotumia kompyuta, limenikaa kichwani kiasi kwamba nataka kulifanyia uzamivu. Msimamizi wangu hajakataa. Wenzangu ndio wanasema huko ni kupaka vitufe rangi na kuhoji watu, na kwamba nitamaliza nikiwa nimesahau kuprogramu.

Mliopita njia hii, nielezeni: mnafanya nini hasa siku hadi siku? Kuna hesabu ndani yake? Na mtu anachaguaje swali la kudumu nalo wakati vifaa vyenyewe havidumu?

Naomba kuwasilisha.

mkono_wa_pili

Mleta mada, nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo litakaloamua maisha yako ya utafiti. Usichague kifaa, chagua jambo la binadamu ambalo kila kifaa kipya kitalazimika kukutana nalo.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, aliwapa watu kalamu ya chuma wagonge vibao viwili kwa zamu, haraka kadiri wawezavyo bila kukosa. Alibadilisha umbali kati ya vibao na upana wake. Akaona kwamba muda wa kufikia shabaha hukua kwa logarithimu ya uwiano wa umbali na upana. Hapakuwa na skrini wala kipanya katika habari hiyo. Mwaka 1978 Stuart Card, William English na Betty Burr wa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, wakaitumia hesabu hiyo kulinganisha kipanya, kijiti cha kuelekezea na vitufe vya kusogeza. Kipanya kilishinda, lakini kilichonifanya mimi niingie fani hii ni maelezo yao: kasi ya kipanya ilikaribia ile ya mkono wenyewe. Yaani kikomo kilikuwa kwenye mwili wa mtu, na kifaa kingine cha mkono kisingeweza kukizidi kwa mbali. Miaka mitatu baadaye Xerox ikaanza kuuza kompyuta ya Star, yenye kipanya.

Kisha zikaja skrini za kugusa. Mwaka 2013 Xiaojun Bi, Yang Li na Shumin Zhai walirudi kwenye mlinganyo uleule, kwa sababu kidole ni butu: hata ukienda taratibu, hakitui pale ulipokusudia. Wakatenganisha kosa linalotokana na haraka na kosa la kidole chenyewe. Miaka karibu sitini, swali lile lile. Anayekwambia hakuna hesabu mpe makala hiyo aisome.

Mimi nafanya kazi na watu ambao mikono yao hutetemeka. Ukiangalia njia ya kishale chao kwenye skrini, unaona jambo ambalo wastani wa muda hauwezi kukuonyesha: wanafika kwenye shabaha vizuri tu, kisha wanapobonyeza, kishale kinateleza nje. Sasa fikiria mbunifu anayetaka kuwasaidia kwa kuongeza kasi ya kishale. Anatibu sehemu isiyouma. Ndiyo maana napenda kazi ya Tovi Grossman na Ravin Balakrishnan ya mwaka 2005, kishale kama povu, ambacho eneo lake hupanuka na kusinyaa ili wakati wote kishike shabaha moja iliyo karibu zaidi. Hukulazimika kumbadilisha mtu, umebadilisha hesabu ya nini kimeguswa. Lakini shabaha zikisongamana, faida inapungua, na hapo ndipo nilipo mimi kwa sasa: skrini iliyojaa, mkono usiotulia.

Kuhusu kuprogramu: utaandika msimbo zaidi ya wenzako. Programu ya majaribio lazima irekodi mahali pa kishale kila baada ya milisekunde chache bila kuchelewa, la sivyo unapima ucheleweshaji wa programu yako badala ya mtu. Kuna kamati ya maadili, ridhaa ya washiriki, na upangaji wa zamu kwa mraba wa Kilatini, yaani jedwali ambamo kila mbinu inapata kila nafasi kwenye zamu, ili uchovu na mazoea visiipendelee mbinu iliyotangulia. Kuna takwimu, nyingi. Halafu wahakiki. Katika fani yetu makala ya mkutano ina uzito mkubwa, hasa ya CHI, mkutano mkubwa wa fani hii, ambao ulianza kwa jina hilo mwaka 1983.

mbunifu_wa_zamu

Naongeza kidogo kutoka upande wa kampuni. Huku tunaleta watu watano, tunawatazama wakitumia kitu, tunarekebisha, tunaleta wengine. Hoja ya watano inatokana na modeli ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993 kuhusu kasi ya kugundua kasoro. Kwa kurekebisha bidhaa inatosha sana. Dada Nuru, ukienda kwenye utafiti usiibebe kama sheria, maana kugundua kasoro na kuthibitisha kwamba mbinu A inaizidi B ni kazi mbili tofauti. Nimeona vijana wazuri wakikataliwa makala kwa kuzichanganya.

shajara_ya_uga

Mkuu mkono_wa_pili, nakuheshimu, ila umemjibu kana kwamba fani nzima ni stopwochi na mlinganyo. Lucy Suchman, mwanaanthropolojia, alikuwa hapo hapo Xerox PARC. Alirekodi kwa video watu wakihangaika na mashine ya kunakili yenye mfumo wa kuwaelekeza, na mwaka 1987 akachapisha uchambuzi wake. Alipanga kumbukumbu zake kwa safu: yale watu waliyosema na kufanya ambayo mashine haikuweza kuyapata, yale iliyoweza kuyapata, kisha yale mashine iliyowaonyesha na sababu za wabunifu kuyaweka. Safu ya kwanza imejaa, ya pili ina matukio machache tu. Mtu amepotea kabisa, na mashine inaona tu kwamba kitufe kimebonyezwa. Hakuna logarithimu itakayokuonyesha hilo.

mkono_wa_pili

Nakubaliana nawe, na nashukuru umemtaja. Safu zile nawafundisha wanafunzi wangu kabla ya takwimu. Mimi mwenyewe kuteleza wakati wa kubonyeza nilikuona kwanza kwa macho, nikiwa nimekaa pembeni ya mshiriki, kabla ya kujua nipime nini. Ninachotetea ni kwamba Nuru asiogope kwamba ataiacha sayansi ya kompyuta mlangoni. Terry Winograd alijenga SHRDLU pale MIT, programu iliyoelewa maagizo kuhusu matofali kwenye dunia ndogo ya kompyuta, kisha akageukia fani hii akiwa Stanford. Uhandisi wake hakuutupa, alibadilisha tu anachokidai kutoka kwa mashine.

Nuru_Msimbo

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Basi nijaribu swali langu hapa. Kibodi ya simu inapokupendekezea neno, je, muda unaookoa kwa kutolichapa lote unazidi muda unaoutumia kulisoma na kuamua? Na washiriki niwatafute wapi, wanafunzi wenzangu wanatosha?

mkono_wa_pili

Swali zuri, na halina jina la kifaa hata moja ukiondoa simu. Anza na makala ya Philip Quinn na Shumin Zhai ya mwaka 2016: walikuta mapendekezo yanapunguza miguso, lakini yakijitokeza kwa wingi yanaweza kuchelewesha uandishi wenyewe. Kwa hiyo jibu la "yanasaidia au hayasaidii" usilirudie. Swali lililobaki wazi kwako ni la lugha yenye viambishi vingi, ambamo neno moja linabeba mtenda, wakati na mtendwa. Pendekezo lije baada ya kiambishi kipi? Likija mapema linakosea, likichelewa neno limeshakwisha. Hapo unahitaji modeli ya lugha (ya kukisia neno linalofuata), programu ya kurekodi kila mguso, na ikiwezekana kifaa cha kufuatilia macho ili ujue ni lini hasa mtu ameangalia pendekezo. Tayari una sayansi ya kompyuta ya kutosha.

Wanafunzi wanafaa kwa jaribio la awali la programu yako tu. Baada ya hapo tafuta watu wanaoandika kila siku kwa lugha hiyo, wa umri tofauti, na vipindi viwe vifupi. Wakichoka, simamisha, hata kama data haijatimia. Na kabla ya kupima chochote, kaa na wachache uwatazame tu wakiandika ujumbe wao wa kawaida kwa ridhaa yao. Ndugu shajara_ya_uga atakusaidia kupanga safu.

shajara_ya_uga

Nipo. Nitumie ujumbe ukishapata kibali cha kamati ya maadili.