Nina zamu ya 4 raundi ya kwanza na Jets: nichukue beki wa pembeni au msakaji wa kwotabeki?

BekiMbili_Newark, 19 Aprili 2022

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wenu, na mnivumilie maana maelezo ni marefu.

Tuko kumi na wawili, wa Tanga, Mombasa, Bujumbura na Bukavu, tumetawanyika majimbo mbalimbali huku Marekani. Kila mwaka kabla ya drafti ya NFL, ligi ya soka ya Kimarekani, ambapo timu hupokezana zamu za kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni, tunafanya ya kwetu kwa simu. Kila mmoja anapewa timu mbili tatu za kusimamia raundi ya kwanza, anataja mchezaji, anaeleza kwa nini, na wenzake wanamhoji hadi jasho limtoke. Safari hii kura imenipa Jets, timu niliyoipenda tangu nifike New Jersey. Nina zamu ya 4 na ya 10. Tunakutana Jumamosi, drafti yenyewe ni Alhamisi ya tarehe 28 kule Las Vegas.

Hali ya timu mnaijua. Msimu uliopita tulishinda mechi 4 tukapoteza 13, na tulifungwa pointi 504. Katika timu zote 32 hakuna iliyofungwa nyingi kama sisi. Majirani nao wanazidi kujiimarisha. Buffalo wana kwotabeki, yaani mrusha pasi, Josh Allen na mpokeaji wake Stefon Diggs. Miami walikuwa na mpokeaji Jaylen Waddle, mwezi uliopita wakamleta na mwingine, Tyreek Hill. Hawa wote tunakutana nao mara mbili kila msimu.

Moyo wangu uko kwa Sauce Gardner, beki wa pembeni (anayemkaba mpokeaji) wa chuo cha Cincinnati. Ana urefu wa futi 6 na inchi 3, yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 4.41, na miaka mitatu yote ya chuo hakuna mpokeaji aliyepata tachidauni, yaani aliyefunga, mikononi mwake. Yupo pia Derek Stingley wa LSU: mwaka 2019, akiwa ndiyo kwanza ameingia chuo, alinasa pasi 6 na akabeba ubingwa wa taifa, ila baada ya hapo majeraha hayakumwacha. Na yupo Kyle Hamilton, sefti (beki wa nyuma kabisa) wa Notre Dame, mrefu kuliko wote hao.

Hofu zangu ni mbili. Kwanza historia yetu. Mwaka 2007 tulipanda hadi zamu ya 14 kumfuata Darrelle Revis, tukapata beki ambaye wapinzani waliogopa hata kurusha upande wake. Mwaka 2013 tukamchukua Dee Milliner zamu ya 9, majeraha yakammaliza mapema. Mwaka 2017 tukachukua sefti, Jamal Adams, zamu ya 6. Alikuwa hodari kweli, mwisho akaomba kuondoka. Hii zamu ya 10 niliyo nayo leo ni sehemu ya walichotulipa Seattle kwa ajili yake.

Pili, mimi mwenyewe nilicheza beki mbili Tanga, na mwanangu sasa anacheza beki wa pembeni shuleni kwao. Naogopa nisije nikawa nachagua kwa mapenzi.

Je, zamu ya 4 inafaa kwenda kwa beki? Au nimchukue msakaji, yule wa kumkimbiza kwotabeki, kama Kayvon Thibodeaux wa Oregon, halafu beki nimtafute baadaye?

Nyundo_ya_Mbele

Mkuu, usichukue beki hapo.

Muangalie kocha wako, Robert Saleh. Alikuwa kwenye benchi la Seattle miaka ile ya safu kali ya nyuma. Walipata wapi mabeki wa pembeni? Richard Sherman raundi ya 5 mwaka 2011. Byron Maxwell raundi ya 6 mwaka huohuo. Brandon Browner alitoka ligi ya Kanada, hakuwahi hata kuchaguliwa kwenye drafti. Kisha Saleh akaenda San Francisco kuongoza ulinzi, na mwaka 2019 wakafika Super Bowl, fainali ya ligi, wakiwa na watu wanne waliowachukua wenyewe raundi ya kwanza kwenye mstari wa mbele: Armstead, Buckner, Solomon Thomas na Nick Bosa. Huko ndiko mfumo wake unakoweka mali.

Beki awe malaika, kwotabeki akipewa sekunde tano za kusimama na kutazama, mpokeaji atapata upenyo tu. Tena mwezi uliopita mmemsajili D.J. Reed kutoka Seattle, upande mmoja mmeshaupata. Chukua Thibodeaux, ulale usingizi.

Na kumbuka Jeff Okudah. Lions walimchukua zamu ya 3 mwaka 2020, juu kuliko beki wa pembeni yeyote tangu Shawn Springs mwaka 1997. Mechi ya kwanza ya msimu wake wa pili kano ya kisigino ikakatika.

DadaWaViungo

Shikamooni wakubwa. Mimi nafanya kazi ya kuwarudisha watu kwenye hali yao baada ya majeraha, nitagusia la Stingley tu.

Aliumia kiungo cha katikati ya mguu, kinachoitwa Lisfranc, akafanyiwa upasuaji. Miaka miwili ya mwisho ya chuo alicheza mechi 10 tu kwa jumla. Watu wanauliza kama bado ana mbio, na mbio huwa zinarudi. Mimi ningeangalia anavyosukuma ardhi akiwa anarudi kinyumenyume kisha akageuka ghafla, maana pale uzito wote unalala kwenye sehemu hiyohiyo ya mguu, na beki wa pembeni hufanya hivyo makumi ya mara katika mechi moja. Sisemi hawezi kupona, wengi wanapona vizuri. Ila mtu ambaye hajaona picha za mguu na ripoti ya daktari asimpe zamu ya 4 kwa kutazama video za 2019. Timu zenyewe zinazo ripoti, nyinyi kwenye simu hamna.

KochaColumbus

Ndugu BekiMbili, mimi niko Ohio, nasaidia kufundisha mabeki wa shule ya sekondari, na huyu kijana wa Cincinnati nimemtazama uwanjani kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Kwanza tuelewe kwa nini nafasi hii ni ngumu hivi. Beki wa pembeni anakimbia kinyumenyume, hajui mpokeaji anaelekea wapi, na tangu sheria ya 1978 akishavuka yadi 5 haruhusiwi kumgusa. Kwa hiyo anashinda au anashindwa mwanzoni kabisa, kwenye zile yadi tano. Gardner anasimama uso kwa uso na mpokeaji, anamwekea mkono kifuani, anamchelewesha nusu hatua, na ile pasi iliyopangwa kwa kuhesabu hatua inaharibika. Mikono yake ni mirefu mno. Hata akipitwa bado anaufikia mpira.

Ukimtazama Jumamosi kwenye video, macho yako yawe nyongani. Mpokeaji anapokata kuelekea ndani, je, nyonga za beki zinageuka mara moja au anajizungusha kama anayefungua mlango mzito? Za Gardner zinageuka vizuri kwa mtu wa urefu wake, si kama za wafupi. Kasoro yake kubwa ni kushikashika. Anapohisi anaachwa anavuta jezi, na huko juu waamuzi watamwadhibu.

La wapinzani pia tulikiri. Ligi ya Cincinnati haina wapokeaji wengi wakali. Kipimo kilitakiwa kiwe Alabama, tarehe 31 Desemba, nusu fainali ya taifa. Alabama walishinda 27 kwa 6, lakini walishinda kwa kukimbia na mpira. Brian Robinson peke yake alikimbia yadi 204. Anayesema mechi ile ilithibitisha ubora wa Gardner anatia chumvi, na anayesema ilimuumbua hakuitazama.

Sasa Nyundo. Ni kweli Sherman alipatikana raundi ya 5. Lakini alikuwa mtu wa aina gani? Futi 6 na inchi 3, aliwahi kuwa mpokeaji, mwenye mikono mirefu. Seattle walikuwa wanatafuta mwili huo chini kwa sababu timu nyingine hazikuuthamini. Leo kila mtu anautaka, hushuki tena raundi ya 5 ukaukuta unakusubiri. Na kwenye timu ile ile ya San Francisco uliyoitaja, pembeni alikuwepo nani? Sherman huyohuyo, walikwenda kumnunua. Mfumo wa kukaba eneo bado unamhitaji mtu anayeweza kubaki peke yake upande mmoja, ili sefti asogee kusaidia kwingine.

Hamilton nampenda, ana akili ya mchezo kuliko wote. Wengi wamemshusha kwa sababu alikimbia 4.59. Sefti kwa zamu ya 4 naona ni ghali, ila ukimkuta zamu ya 10 fikiri mara mbili kabla hujampita.

Mutoto_wa_Bukavu

Ndugu yangu, mimi niko kwenye hiyo simu ya Jumamosi, kwa hiyo sitakuambia timu zangu zitafanya nini. Nakupa hesabu tu. Wewe hauchagui mtu mmoja, unachagua wawili.

Andika kwenye karatasi. Ukichukua Gardner zamu ya 4, nani atabaki zamu ya 10? Wapokeaji wako wanne wazuri: Drake London, Garrett Wilson, Chris Olave, Jameson Williams. Hawawezi kuisha wote kabla ya 10. Sasa geuza. Ukichukua Thibodeaux zamu ya 4, zamu ya 10 Gardner na Stingley wote wamekwenda, unabaki na Trent McDuffie, ambaye anajua kazi lakini ni mfupi kwa mfumo wa Saleh. Gardner na mpokeaji, au Thibodeaux na McDuffie? Linganisha jozi kwa jozi, utaona mwenyewe.

Nyundo_ya_Mbele

Mutoto hiyo hesabu ni nzuri, sikatai. Lakini kuna jozi umeiruka: Thibodeaux na mpokeaji, halafu beki raundi ya pili au ya tatu. Hiyo ndiyo yangu.

BekiMbili_Newark, 21 Aprili 2022

Asanteni sana wakuu, na dada wa viungo Mungu akubariki, Stingley nimemtoa kwenye karatasi yangu.

Jana usiku nimekaa na mwanangu tukatazama video kama alivyosema Kocha, nyonga tu, hatutazami mpira. Tumerudia mara nyingi. Kijana akaniambia kitu ambacho sikuwa nimekiona: Gardner anapokuwa upande wake, sefti wake haangalii kabisa huko. Anaegemea upande wa pili tangu mwanzo. Maana yake beki mmoja anawapa wenzake mtu wa ziada. Nimeamua. Gardner zamu ya 4, mpokeaji zamu ya 10.

BekiMbili_Newark, 29 Aprili 2022

Wakuu, sijalala! Houston wamemchukua Stingley zamu ya 3, moyo wangu ukatulia, kisha Jets wakamtaja Gardner. Zamu ya 10, Garrett Wilson. Jozi ileile! Thibodeaux kaenda Giants zamu ya 5, tutamwona uwanja uleule tunaochezea sisi. Hamilton kashuka hadi Baltimore, zamu ya 14.

KochaColumbus, 10 Februari 2023

Naufufua uzi. Gardner mchezaji bora chipukizi wa ulinzi, Wilson mchezaji bora chipukizi wa mashambulizi, wote timu moja. Gardner amezuia pasi 20, hakuna aliyemzidi kwenye ligi, na ameingia kikosi cha kwanza cha All-Pro, yaani wachezaji bora wa msimu wa ligi nzima. Beki wa pembeni chipukizi hakuwahi kufika hapo tangu Ronnie Lott mwaka 1981. Ulinzi wa Jets umetoka wa mwisho hadi wa 4 kwa pointi.

Nyundo_ya_Mbele

Nampongeza kijana kwa moyo wote, nilimkosea. Ila Jets wameshinda mechi 7, wamepoteza 10, na sita za mwisho zote wamepoteza.

Mutoto_wa_Bukavu, 5 Novemba 2025

Ndugu BekiMbili, pole. Nimesikia jana Indianapolis wamemchukua Gardner, wametoa zamu mbili za raundi ya kwanza na mpokeaji Adonai Mitchell.

Nyundo_ya_Mbele

Misimu mitatu na nusu, hakuna hata mchujo mmoja wa baada ya msimu, na pasi alizonasa ni 3 tu. Naomba nimuulize mwenye uzi kwa heshima: ungemchukua tena?

KochaColumbus

Hizo 3 zisikudanganye. Mpira usiporushwa upande wako utaunasa wapi? Mimi kosa langu liko kwingine: nilisema sefti kwa zamu ya 4 ni ghali, na leo Hamilton ana All-Pro yake kule Baltimore. Ningempandisha. Na Stingley naye alipona, msimu uliopita ameingia kikosi cha kwanza.

BekiMbili_Newark

Nyundo, ningemchukua tena. Nilichoomba ni mtu wa kusimama mbele ya Diggs na Hill, na alisimama. Kwotabeki hakupatikana, lakini zamu ya 4 ya mwaka ule haikuwa na kwotabeki wa kumchukua. Wa kwanza alikwenda zamu ya 20.

Jezi yake namba 1 iko chumbani kwa mwanangu, ambaye sasa yuko chuo. Amenipigia jana, tumeongea karibu saa nzima. Ameshaanza kuandika majina ya drafti ijayo, jozi kwa jozi, kama Mutoto alivyotufundisha.